Alama ya Chaki Chupani

Mtaani kwetu wananiita Chumvi, na jina hilo sikulipata kwa kuuza samaki. Ukinisikia nasema nimeona panya wawili, jua alikuwa mmoja, na huyo mmoja nilihadithiwa. Ndiyo maana kisa cha gari la shemeji yangu hakuna anayekiamini, hasa pale mwishoni. Nimechoka kuapa. Nakiandika, maana karatasi haikukodolei macho.

Shemeji yangu ni fundi makochi. Alimwoa dada yangu mkubwa, yule aliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea na kunichapa baada ya kujua. Dada aliota uvimbe tumboni. Ulianza kama limau, akauficha. Ukawa kama nazi, haukufichika tena. Kukaa kitako akashindwa, na kutembea akawa anatembea na ukuta. Hospitali yenye kufanya upasuaji wa namna ile iko upande wa pili wa mlima, chini bondeni, na vitanda vyake vina foleni ndefu. Dada alisubiri hadi waliokuwa mbele yake wakapungua kwa njia zote mbili, wengine kwa kupona na wengine kwa kuzikwa. Mwisho simu ikaja: kitanda kipo, awepo kesho kabla ya saa sita mchana. Asipotokea, anaingia anayefuata na yeye anarudi mwisho wa foleni.

Dada hakuwa na muda wa mwisho wa foleni. Nyumba nzima ilijua hivyo.

Basi la abiria halikufaa, maana alitakiwa alale. Gari la wagonjwa la zahanati yetu lilikuwa juu ya mawe, halina hata gurudumu la kubahatisha. Wenye magari ya kukodi walimchungulia dirishani, wakakumbuka ghafla kwamba wana safari nyingine. Likabaki gari la shemeji mwenyewe, lile lenye mgongo mrefu la kubebea makochi. Akang'oa kiti cha nyuma, akajenga kitanda: sponji nene, pembeni kingo za kumzuia asiserereke, juu kitambaa cha maua alichokuwa amemtunzia mteja mmoja mwenye madaha. Akakishona na vifungo. Kilipokamilika hata mimi nilitamani kuumwa kidogo.

Sasa gari lenyewe lilikuwa linachemsha.

Alasiri ile mpwa wangu, binti yao wa pekee, alinikuta barazani nikiwadanganya wastaafu wenzangu. "Mjomba, baba anakuita. Gari." Akasema neno moja hilo akageuka, nami nikajua si la kuchelewa.

Nilimkuta shemeji kasimama mbele ya boneti iliyo wazi, tambara mkononi, mvuke ukimpanda usoni kama mpika maandazi.

"Limechemka kutoka dukani hadi hapa tu," akasema. "Hapo dukani, shemeji! Hata mbuzi hachoki."

"Maji umejaza lini?"

"Leo."

"Na jana?"

"Na jana."

"Na juzi?"

"Wewe ni shemeji yangu au polisi?"

Mimi kazi yangu, kabla sijawa mzee wa barazani, ilikuwa kuendesha pampu ya maji ya mji. Magari nilijifunza kwa kuharibu yangu. Lakini maji ni maji, yawe kwenye bomba la mji au kwenye tumbo la injini, na adui yake ni mmoja. Nikalala chini nikatazama: mchanga mkavu, hapavuji. Feni inazunguka. Nikasubiri lipoe, tukajaza, tukaliwasha, nikaweka mkono kwenye mpira wa juu wa rejeta, lile tangi la kupozea maji ya injini: moto. Mpira wa chini: baridi kama pua ya mbwa. Nikaingia ndani nikafungua hita hadi mwisho. Mshale wa joto unapanda kuelekea wekundu, na hita inanipulizia ubaridi wa asubuhi.

"Umeona?" nikamwambia. "Injini inaungua, hita inatetemeka kwa baridi. Maji hayazunguki. Kuna hewa imekaa katikati ya njia kama mgeni asiyejua kuaga."

"Hewa imeingiaje?"

Hapo ndipo penyewe. Juma lile fundi wa njia panda alikuwa amembadilishia mpira uliopasuka, akajaza maji haraka haraka, akafunga mfuniko. Kama hewa iliingia siku hiyo, ni ya kufukuza tu, ikitoka imetoka. Lakini kuna hewa nyingine. Kati ya kichwa cha injini na mwili wake kuna gasketi, kipande chembamba kinachotenga moto na maji. Ikiungua, moto unapuliza upande wa maji, na injini inakuwa inatengeneza hewa yake yenyewe. Hiyo utaifukuza hadi kiyama, na kila ukipanda mlima itaongezeka.

"Yetu ni ipi?" shemeji akauliza.

"Tuitoe, kisha tutazame kama inarudi."

Tukapandisha magurudumu ya mbele juu ya ngazi ya karakana yake ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vyote, maana hewa hupenda cheo. Hita wazi. Kwenye bomba linaloingia kwenye hita kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa. Nikailegeza, nikaanza kumimina maji kidogo kidogo, kama anayemnywesha mtoto dawa. Skrubu ikafyonza, ikatema, ikapiga mluzi.

Dirisha la chumba cha dada lilikuwa juu yetu. Sauti yake ikashuka.

"Chumvi! Unamuua nani huko?"

"Hewa, dada."

"Basi hadithia ile ya mkurugenzi, kazi iende."

Ile ya mkurugenzi anaijua kuliko mimi. Kwamba zamani mji mzima ulikosa maji kwa sababu ya kiputo kimoja bombani, kikubwa kama beberu. Kwamba mimi nilikifukuza kwa nyundo, nikigonga bomba mtaa kwa mtaa, kikakimbia kikilia, hadi kikatokea bafuni kwa mkurugenzi wa maji akiwa na sabuni machoni, kikamrusha hadi sebuleni kwenye wageni.

"Alikuwa na taulo?" dada akauliza kutoka dirishani. Kila mara huuliza hapo.

"Taulo lilibaki bafuni, dada. Lilimwonea aibu."

Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati. Tulimsikia akihema. Shemeji alikaza tambara mkononi mpaka likatoa maji.

Skrubu ikaacha kutema, ikatoa uzi wa maji usiokatika. Nikaifunga. Tukawasha injini mfuniko ukiwa wazi, nikawa naiminya mipira ya rejeta kama ninayekamua ng'ombe. Viputo vikaja, vikubwa kama macho ya chura, vikapasuka. Kiwango kikashuka, tukaongeza. Kikashuka, tukaongeza. Mpira wa chini ukapata joto. Mpwa wangu akaweka kiganja kwenye hita akapiga kelele: "Ya moto, mjomba! Ya moto!" Mshale ukasimama katikati ukatulia, na shemeji akanikumbatia na grisi zangu zote.

Mimi nilikuwa bado natazama mdomo wa rejeta. Viputo vilikuwa vimekwisha. Halafu kikaja kimoja, kidogo. Kimya kirefu. Halafu kingine. Kama mtoto aliyemaliza kulia lakini bado ana kwikwi.

Nikafunga. Nikamvuta shemeji pembeni, tukasimama chini ya dirisha, wapumbavu wawili.

"Nipe chaki yako." Akanipa ile ya buluu anayochorea vitambaa. Nikapiga mstari kwenye chupa ya plastiki ya maji ya akiba, ile iliyounganishwa na rejeta, pale maji yalipofika. "Mtu asiguse mpaka nije asubuhi. Kama maji yatakuwa yametoweka chupani, gasketi imeungua, injini inayanywa. Gari hilo halipandi mlima. Litakufa njiani, na mgonjwa ndani."

"Na tukisema haliendi, twende na nini?"

Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na uongo wa akiba.

Asubuhi nilifika jua likiwa bado chini ya mapaa. Shemeji alikuwa ameshavaa shati la safari. Hakuwa amegusa boneti. Alinisubiri mimi, mikono nyuma, kama mshtakiwa. Nikafungua. Nikainama.

Maji yalikuwa sawasawa na mstari wa chaki. Si chini kidogo, si karibu. Palepale kabisa, kama yaliyopimwa na sonara.

"Yapo!" shemeji akapaza sauti. "Mama wee, yapo! Binti, mtoe mama yako, tunaondoka!"

"Ngoja," nikasema.

"Ningoje nini? Yapo!"

"Yapo mno."

Jana mstari nilipiga injini ikiwa ya moto. Maji yakiwa ya moto huvimba. Yakipoa hurudi ndani. Hata gari lingekuwa zima kama ng'ombe dume, asubuhi maji yangekuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole. Sikumweleza mtu jambo hilo, maana sikufikiri kuna haja. Maji yanayolala na kuamka palepale hayakulala hapo. Yamemiminwa.

Nikatazama chini. Karibu na gurudumu palikuwa na kopo la bati lenye mpini wa waya, lile linalokaa siku zote juu ya mtungi jikoni.

"Nani kajaza?"

Shemeji alinitazama, na uso wake haukuwa na hatia ndani yake, ulikuwa na woga tu. Binti alikuwa mlangoni na mto mkononi, akatikisa kichwa. Nikamwambia shemeji awashe. Injini ikakohoa, ikachechemea kwa mguu mmoja, na ekzosi ikatoa wingu jeupe lililonuka chuma kibichi. Ndiyo hiyo. Maji yalikuwa yamelala ndani ya silinda, penye moto.

"Ni mimi," sauti ikasema.

Dada alikuwa amesimama ukumbini, ameegemea ukuta, pindo la gauni lake limelowa hadi magotini. Kutoka chumbani kwake hadi kwenye gari ni ukumbi mzima na ngazi za uani. Mtu aliyekuwa akibebwa kwenda chooni. Sijui alipitaje bila kumwamsha mtu, na gizani, na kopo, na aliinama vipi na tumbo lile.

"Dada," nikasema.

"Mama alitufundisha nini? Chombo kisilale kitupu. Nimekuta kitupu, nikajaza." Akavuta pumzi. "Nilijaza hadi kwenye mstari wako, nisikuudhi."

"Ulinisikia jana?"

"Chumvi, unanong'ona kama ng'ombe."

Shemeji akazima injini. Akaja akamshika mkono mkewe.

"Mke wangu, litakufia njiani."

"Na mimi nitafia wapi?" akasema, bila ukali, kama anayeuliza chumvi iko wapi. "Hapa nawahesabu nyote mnavyonikwepa macho. Afadhali njiani nikielekea. Mdogo wangu, wewe umesema gari halifiki. Umesema kama Chumvi au kama mwendesha pampu?"

"Kama mwendesha pampu."

"Basi fanya kama Chumvi. Lipandishe."

Nikafanya yanayofanyika kwa gari lililokwisha kuhukumiwa. Maji baridi ukiyamwaga kwenye injini yenye moto, kichwa kinapasuka. Kwa hiyo binti akachemsha maji, tukajaza madumu, na shemeji akayafunga kwa sponji na kitambaa cha makochi yasipoe. Madumu yetu yalivaa vizuri kuliko mimi. Hita tukaifungua hadi mwisho, maana hita nayo ni rejeta ndogo. Joto linalotoka kwa abiria ni joto lililotoka kwa injini. Mfuniko nikaufunga nusu, ili hewa itoke yenyewe isisukume maji. Tukamlaza dada kwenye maua yake. Mimi usukani, shemeji pembeni, binti nyuma na mama yake.

Tambarare ilituonea huruma. Mlima haukuwa na tabia hiyo.

Kwenye kona za kwanza mshale ulikuwa katikati. Kisha ukaanza kutambaa. Ndani ya gari mlikuwa tanuri: hita inapuliza moto, madirisha wazi, na mgonjwa analowa jasho hadi kitambaa kikageuka rangi. Binti alimpepea kwa kipande cha boksi. "Mama anaungua, mjomba. Punguza hita." Nikasema siwezi. Akarudia. Nikasema siwezi, na safari hii dada mwenyewe akamwambia, "Mwache. Tunagawana, mimi na injini."

Mshale ukigusa wekundu, nasimama kwenye kona yenye kivuli, injini inaunguruma polepole, nafungua mfuniko kwa tambara. Viputo havikuwa kwikwi tena. Vilikuwa kilio chenyewe, vinapanda mfululizo kama chungu cha maharage. Narudishia maji ya moto, tunaendelea. Mara ya tatu au ya nne tambara liliteleza. Mkono huu wa kushoto, mnaouulizia barazani, ngozi yake haikurudi rangi yake. Shemeji aliufunga kwa kitambaa kilichobaki cha yule mteja mwenye madaha. Dumu moja likaisha. La pili likaisha.

Karibu na kilele injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa ndani. Nyuma yetu moshi mweupe ulifunika barabara. Lori la nyuma likapiga honi, likakata tamaa, likasimama. Nguvu zikaisha. Nikaweka gia ya kwanza na tukawa tunakwenda mwendo wa mzee anayetafuta kiatu.

"Shuka usukume," nikamwambia shemeji. Akashuka. Binti akashuka. Kwenye kioo niliona vichwa vyao viwili ndani ya moshi, vinainama, vinapotea, vinarudi. Dada alikuwa amefumba macho, midomo inacheza.

Injini ilikufa magurudumu ya mbele yakiwa yamefika pale barabara inapolala. Ilitoa mlio mmoja wa chuma kukamata chuma. Tukabaki tumesimama juu ya mgongo wa mlima, na bonde lote chini, na paa refu la hospitali likimeta.

Wakasukuma hatua chache zaidi, wakarukia ndani, na gari likaanza kuteremka lenyewe.

Hapa ndipo wanaponicheka barazani. Haya, chekeni. Niliweka gia huru, na gari lile likashuka mlima mzima bila injini. Injini ikifa, breki nazo zinapoteza msaada wake; kanyago la kwanza linaitikia, la pili linanung'unika, baada ya hapo unakanyaga jiwe. Nikakanyaga jiwe kwa miguu miwili. Shemeji alishika hendibreki kwa mikono yote, kila kona namwambia "vuta", anavuta, "achia", anaachia, harufu ya kuungua imejaa. Tulipita ukingo mmoja ambao sitausimulia hata nikilipwa.

Ila kimya. Hita imezimika, upepo baridi unaingia, hakuna kugonga, hakuna mngurumo, matairi tu na lami.

Dada akafumbua macho. "Mbona kimya?"

Shemeji alinitazama.

"Limepona, dada," nikasema.

"Muongo wewe," akasema, na nikasikia anatabasamu. "Alikuwa na taulo?"

"Nani?"

"Mkurugenzi."

"Safari hii alikuwa nalo," nikasema. "Alilisahau kichwani."

Gari liliishiwa mwendo mbele ya lango, kwenye tambarare, likanyata, likasimama kama lililoegeshwa. Mlinzi alidhani tuna adabu sana. Saa sita ilikuwa bado. Wauguzi wakaleta machela, na walipokuwa wanamwinua dada alinishika ule mkono uliofungwa, akautazama, akauachia.

"Usiende kuwaambia watu tumeteremka bila injini," akasema. "Utatia chumvi wasikuamini, kisha uone kweli imekupotea."

Kitanda alikipata. Kilikuwa kweli kipo, chenye shuka safi na jina lake. Walimpasua kesho yake. Daktari, kijana mwenye macho mekundu, alitoka akasimama mbele ya shemeji na akasema walifungua wakaona, wakafunga. Uvimbe ulikuwa umeshaingia pasipoingilika. Dada hakuamka. Binti yake alikuwa amemshika mguu.

Tulimrudisha kwa gari la watu. Gari letu lilikuja baadaye, likiburutwa kwa kamba.

Nilifungua kichwa cha injini, si kwa kutengeneza, nilitaka kuona. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda mbili za katikati, mahali padogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nikamwonyesha shemeji. Akaipokea, akaipangusa kwa shati lake, akaiweka kwenye rafu pamoja na sindano zake kubwa, akarudi kwenye kochi alilokuwa akilishona.

Kitanda cha maua hajakitoa hadi leo. Na jioni, kabla hajafunga karakana, huchukua lile kopo la mpini wa waya, hufungua boneti, huchungulia ile chupa, ambayo aliijaza tena hadi kwenye mstari gari liliporudi. Mstari wa chaki umefifia, unaonekana ukijua ulipo. Kila siku anakuta maji yako palepale, maana gari lisilotembea halina la kunywa. Anasimama na kopo lililojaa, kisha anakwenda kulimwaga kwenye mtungi wa jikoni, hadi mdomoni.

Binti aliniomba nimkataze. Nimkataze nini? Nikamwambia ni dawa, gari huwa linasikia. Akanitazama kama mama yake.

"Mjomba, muongo wewe," akasema.